Fundo la Kitenge

Haya yalimpata rafiki yangu Solange, muuguzi wa Bunia, mashariki mwa Kongo, wakati barabara ya Djugu ilipokuwa ikinuka damu. Alikuwa amepanda nyuma ya gari lililookota watu walioshambuliwa, kumhudumia majeruhi kabla ya safari ya hospitali. Mara risasi zikarindima, dereva akafunga milango, ndani kukawa giza totoro.

Solange akapapasa paja lililokatwa panga. Juu ya jeraha kulikuwa na kitenge, fundo limekazwa barabara, damu imekatika.

“Nani alikufunga hivi, papa?”

“Muke wangu. Iko hapa pembeni.” Akazimia.

Solange akawasha tochi ya simu. Mwanamke alikuwa amelala pale, maiti iliyokakamaa, mikono yote miwili imekatwa kwenye viwiko.

Simu ikamponyoka, tochi ikazimika. Gizani akasikia kitenge kikilia kwa kuvutwa, fundo linakazwa tena.