Sauti ya Dieudonnée kwenye Simu

Kila asubuhi Dieudonnée huenda kutengeneza mikate kwa bosi wake, patron Kamaldine, karibu na soko la Kasongo. Ana mikono yenye nguvu. Huimba akikanda unga.

Dieudonnée ana ulemavu wa akili. Kazi yenye hatua nyingi humchanganya. Siku moja alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Wateja wakarudisha mikate.

"Mama Marcelline," patron alimwambia mama yake, "binti yako iko na roho nzuri. Lakini wateja wanakimbia. Akikosa tena, atabakia nyumbani."

Dieudonnée alisikia. Siku hiyo hakuimba.

Mama alimwendea jirani yao Aimée, anayefundisha watu wenye ulemavu.

"Aimée, mwanangu ni muvivu?"

"Hapana, mama. Hatua nyingi pamoja zinamuponyoka. Moja moja anaziweza. Tujaribu simu."

Aimée alipiga picha za kazi: unga, chumvi, levire ya kuumua unga, maji. Patron akarekodi maneno. Ukigusa picha, simu inasema jambo moja tu. Ukimaliza, unapitisha kidole, picha nyingine inakuja.

Kesho yake, Aimée akiwa kando yake, Dieudonnée aligusa picha ya kwanza.

"Mimina unga!" simu ikasema kwa sauti ya patron.

Dieudonnée akashtuka, akaficha mikono mgongoni. "Ndiyo, patron!" Akamtafuta mlangoni.

Kamaldine alicheka nyuma yake. "Eh! Anaogopa simu?"

Aimée hakucheka. "Dada, mbona umesimama?"

"Patron akisema kwa nguvu, nimekosa."



"Basi nani aseme?" Aimée akauliza.

Dieudonnée akafikiri. "Miye."

Wakarekodi upya, kwa sauti yake mwenyewe. Kwenye picha ya chumvi akaongeza neno lake: "Mara moja tu, Dieudonnée!"

Siku za kwanza Aimée alikaa karibu naye. Baadaye Dieudonnée alifanya kazi na simu yake tu. Mikate ikatoka mizuri, wateja wakarudi.

Asubuhi moja patron alitoka msikitini mbiombio, akaingia, akashika kopo la chumvi ili atie kwenye unga. Dieudonnée akafunika beseni la unga kwa mikono yote miwili.

"Iko ndani tayari, patron!"

"Hakika?"

Akamwonyesha simu. Picha ya chumvi ilikwisha kupita. Sasa ilionekana ya maji.

Patron akarudisha kopo mahali pake. Dieudonnée akamimina maji, akaanza kukanda, akaimba.