Kwa Hii Nyumba Hakuna Rahisi

Shida ilianzia kwenye ufunguo. Jumatatu jioni Moffat alirudi kwake mtaa wa Skuta, akatia ufunguo mlango wa mbele, akazungusha mara moja kama alivyofanya miaka yote, na mlango ukakataa. Akazungusha tena, ukafunguka. Kabla hajavua koti alisikia kitu sebuleni kikisema tiki, kama mtu aliyebonyeza kitufe. Akachungulia. Hapakuwa na mtu.

"Fundi wa hii kitasa ni mjinga," akasema. Moffat hakuwahi kupata shida isiyokuwa na mjinga wake mahali fulani.

Alikuwa mwalimu wa udereva mjini Nyeri. Raha yake kubwa ilikuwa kumchukua mwanafunzi wa siku ya kwanza, ambaye bado hajajua klachi ni ipi na breki ni ipi, akampeleka kwenye mteremko mkali kuliko yote na kumwamuru asimamishe gari katikati, kisha aliondoe bila kurudi nyuma. Aliyelia alichekwa. Aliyeomba barabara tambarare aliulizwa kama anataka kubebwa mgongoni. Tuseme ukweli tu, hakuwa mtu wa kupendeka, na anayesimulia hapa hatajilazimisha kumpenda.

Aliishi na mkewe, Njoki. Binti yao, Wendy, alikuwa ameolewa Murang'a. Njoki alikuwa na pumu. Ukungu wa Julai uliposhuka, kifua chake kilipiga mluzi, naye akavuta pampu yake ya dawa mara moja, kikatulia. Daktari alikuwa amemkataza kupanda milima, na Nyeri ni milima mitupu. Kwa hiyo jioni aliwasha mashine ya gemu aliyoinunua kwa Hamdan, kijana mwenye duka la kutengeneza vitu vya umeme mjini, akacheza mchezo wake mmoja tu, wa msafiri anayevuka mlima. Kila mara alichagua kiwango cha rahisi. Humo ndani alipanda bila kuhema, na jambo hilo lilimpa furaha kubwa, ingawa hakuweza kumweleza mumewe.

Jumapili, siku moja kabla ufunguo haujakataa, Moffat alisimama nyuma ya kochi na kikombe cha chai.

"Mama Wendy, bado uko kwa easy? Mtu mzima kama wewe?"

"Niko sawa hapa. Hamdan aliniambia nisiwahi toka kwa easy."

"Ati Hamdan! Siku hizi unapangiwa na vijana vile utacheza?"

Akamnyang'anya kontrola. Orodha ya viwango ikafunguka kwenye televisheni: rahisi, wastani, ngumu, ngumu sana, yote kwa Kiingereza kama mchezo wenyewe ulivyokuwa. Moffat akashuka hadi ngumu sana, na alama ikapita hapo ikaendelea kushuka. Chini kabisa palikuwa na mstari ambao Njoki hakuwahi kuuona, na huo uliandikwa kwa Kiswahili: NYUMBA NZIMA?

"Hiyo haikuwa hapo," Njoki akasema. "Baba Wendy, toka hapo."

Moffat akacheka. "Wacha iwe nyumba nzima! Kwa hii nyumba hakuna rahisi." Akabonyeza. Tiki.

Kioo kikazimika. Wakadhani stima imeenda, lakini taa ya sebuleni ilikuwa bado inawaka.

Baada ya ufunguo likafuata jiko. Njoki alibandika sufuria ya chai kwenye gesi, moto ukawaka vizuri, wa bluu, na chai ikakaa kimya. Alimenya viazi, akaosha vyombo, akafagia, akarudi, na maziwa hayakuwa na hata povu. Kisha njia ya kutoka kwenye geti hadi mlangoni, ambayo ilikuwa na mwinuko mdogo tu, ikaanza kuwachosha. Moffat alifika mlangoni mapaja yakimwaka moto na akaliita jambo hilo mazoezi. Alijisifu hata kazini. Na kila shida mpya ilitanguliwa na ile sauti, tiki, mara jikoni, mara chini ya ngazi, mara nyuma ya masikio yao walipokuwa wakila.

Kilichomwumiza Njoki hakikuwa njia. Ilikuwa ni pampu. Alivuta mara moja, kifua kikaendelea kupiga mluzi. Akavuta tena. Siku chache baadaye akawa anavuta na kuvuta huku ameshika ukingo wa meza, na hewa inaingia kidogo kama maji ya mfereji wakati wa mgao.

"Baba Wendy," alinong'ona, "hii kitu inapanda kila siku. Itafika mahali nitashindwa."

"Ni baridi tu. Utazoea."

Alisema hivyo, utazoea, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu. Njoki alilishika neno lile.

Harufu ikaja Ijumaa. Ilikuwa ya plastiki inayoungua, na ndani yake kulikuwa na ubani, ule ambao Njoki aliwahi kuusikia alipopita mtaa wa Majengo siku ya Idd, ila huu ulikuwa mchungu na uliganda kooni. Ilitoka kwenye kochi. Jioni hiyo, ukungu ukiwa umefunika madirisha na mchana umekuwa giza kabla ya wakati, Njoki aliketi mahali pake pa kawaida na akaona mto wa kiti cha pili ukibonyea polepole, ukishuka na kushuka, mpaka ukatulia namna unavyotulia chini ya mtu mzito. Akauwekea kiganja. Ulikuwa na joto. Hakupiga kelele, kwa sababu kelele inataka pumzi.

Moffat alichomoa nyaya zote, akaitupa mashine stoo. Tiki haikukoma. Akamwita Pasta Wamae wa kanisa lao, akaja na chupa ya mafuta na sauti iliyozoea kujaza kanisa bila kipaza sauti. Alipaka mafuta kwenye vizingiti, akafumba macho, akaomba vizuri sana hadi akafika mwisho. Hapo akakwama. Alisema "A," akavuta pumzi, akasema "A" tena, mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamtiririka, na amina ikagoma kutoka. Aliondoka bila kuimaliza na bila kunywa chai, ambayo hata hivyo haikuwa imechemka.

Moffat akamkimbiza Njoki kwa dada yake huko Kiriaini. Akapumua vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili, akiwa anakunja shuka, akasikia tiki chini ya kitanda, na kifua kikafunga. Kumbe nyumba nzima haikuwa kuta na mabati. Ilikuwa ni wao.

Hapo ndipo Moffat alipoogopa. Aliibeba mashine hadi dukani kwa Hamdan na kuipiga mezani. Hamdan alirudi nyuma hadi akagonga rafu.

"Nani alitoa hii kitu kwa easy?"

"Wewe ndio uliuzia bibi yangu shetani!"

"Mzee, mimi nilimwambia. Mwenye aliniletea alisema hiyo mashini haina shida ukicheza easy, inalala tu. Mimi nikadhani ni stori. Lakini mama nilimwambia." Kijana akachukua simu. "Wacha niite nyanya yangu."

Nyanya yake alikuwa Bi Zabibu wa Majengo, mzee mfupi mwenye buibui lililopauka, ambaye Waislamu wa mji ule walimwendea kwa mambo haya, na Wakristo pia, ila wao walipitia mlango wa nyuma. Alifika Skuta alasiri hiyo hiyo na Moffat, aliyeirudisha ile mashine. Njoki alikuwa amerudishwa nyumbani, amelala kochini, midomo ikiwa imegeuka rangi. Bi Zabibu alitazama kile kiti cha pili kilichobonyea, akatoa salamu kuelekea kwenye kiti, kisha akaketi chini sakafuni.

"Yuko hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Anasikia. Kwa hivyo ongeeni na adabu."

"Umtoe, nyanya," Moffat akanong'ona. "Umtoe tu."

"Simtoi mimi. Huyu hakuvunja mlango, mjukuu wangu. Aliuliza, ukamjibu. Ukamwambia nyumba yako haina rahisi, akakuamini. Sasa anaweza kuachilia nyumba, lakini haendi mkono mtupu. Lazima abaki na mmoja. Atawauliza, na jina la mmoja wenu litaandikwa kwa ugumu. Mwingine apate nafuu."

Kilichosikika ni kifua cha Njoki.

"Si ni rahisi basi," Moffat akasema. "Nitachukua mimi. Mimi ni mwanaume. Ngumu ndio chakula yangu."

Bi Zabibu hakumsifu. Aliwawekea kontrola mbili, moja mkononi mwa Moffat, nyingine mapajani mwa Njoki, na mashine ikawaka yenyewe, nyaya zake zikiwa bado zimekunjwa na kufungwa kwa mpira. Kwenye kioo kulikuwa na majina mawili tu. MOFFAT. NJOKI. Kando ya kila jina palikuwa na nafasi tupu, na juu yake maneno: RAHISI NI MOJA.

"Weka, Baba Wendy," Njoki alisema. Alisema neno moja moja, akipumzika katikati. "Tafadhali. Siwezi tena."

Moffat akainua kidole gumba. Na kabla hakijagusa kitufe, kile kilichokuwa kwenye kiti cha pili kikamwonjesha. Kifua chake kikafungwa kama mdomo wa gunia, akavuta hewa na hewa haikuja, akavuta tena, na sebule ikaanza kujaa madoa meusi, na harufu ile ya plastiki na ubani ikamkaa usoni, na ndani ya masikio yake tiki zikafuatana bila kupumzika, na akajua, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, mke wake alikuwa akiishi wapi wakati yeye anamwambia ni baridi tu. Kisha kikamwachilia. Akakohoa, machozi yakimtoka.

Kidole chake kikasogea, na alama kwenye kioo ikaanza kusogea nacho. Ilitoka pembeni, ikapita jina la Njoki, ikasimama kwenye jina la Moffat mwenyewe. RAHISI, likajiandika neno, likimeremeta, likingoja kuthibitishwa.

"Baba Wendy," Njoki akasema.

"Ngoja kwanza. Sikia." Hakumtazama. "Mimi nikiwa na nguvu ndio nitakutafutia daktari. Nairobi, mahali popote. Sasa nikianguka mimi, nani atakusaidia? Fikiria na akili. Wewe umeshazoea kidogo, lakini mimi..."

Bi Zabibu aligeuza uso ukutani. Na kidole gumba cha Moffat kikaanza kushuka.

Lakini Moffat alikuwa mtu wa kucheka gemu, hakuwa mtu wa kuzicheza, na mkewe alikuwa amezicheza kila jioni kwa miaka miwili. Vidole vya Njoki havikuhitaji pumzi. Kontrola iliyokuwa mapajani mwake ililia mara tatu haraka, alama ikaruka, rahisi likahamia kwenye jina lake na likafungwa hapo. Kando ya jina la Moffat likatokea neno jingine, refu, lililopita ngumu sana na kushuka hadi likatoka nje ya kioo, na hakuna aliyeweza kulisoma lote.

Njoki akavuta hewa. Ikaingia yote, hadi chini kabisa, bila mluzi. Akalia.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?" Moffat alipiga kelele. Alikimbilia nje azime umeme kwenye mita, kana kwamba umeme ulikuwa na neno hapo. Mlango ukajifunga nyuma yake. Mto wa kiti cha pili ukainuka polepole, na kitu kikapita sebuleni na baridi yake, kikamfuata. Tiki.

Wakasikia ufunguo ukiingia kwenye kitasa. Ukazungushwa. Ukazungushwa tena.

"Kimepata mtu wake," Bi Zabibu alisema akiinuka. "Wewe pumua, mama." Akaufungua mlango kwa kuzungusha mara moja. Nje, kwenye ukungu, Moffat alikuwa ameinama juu ya kitasa cha mlango uliokuwa wazi kabisa, anazungusha ufunguo, bega lake likisukuma hewa iliyokataa kumpisha. "Fungua, Njoki!" alikuwa akisema. Bi Zabibu akapita kando yake, akalikaza buibui lake, hakugeuka.

Siku za kwanza Njoki alimsaidia. Alimshika mkono na kumvuta ndani, na mguu wa Moffat ukainuka juu ya kizingiti usipate mahali pa kutua. Alimpelekea chai mlangoni, na kikombe kilichukua jioni nzima kufika mdomoni, na kilipofika kilikuwa kimeganda utando. Asubuhi Moffat huondoka kwenda kazini. Ile njia ya dakika chache humla mchana wote, akifika wanafunzi wameshaenda, na hao siku hizi huanzia barabara tambarare na mwalimu mwingine. Hugeuka akarudi.

Jioni Njoki huketi kochini na kuwasha mchezo wake. Kabla mlima haujatokea, majina yale mawili hutokea kwanza, na chini yake swali: UNABADILISHA? Hulitazama kila siku. Angeweza. Nje ufunguo unazunguka, unazunguka, na ukisimama kidogo husikika sauti ya Moffat iliyobaki nyembamba, ikipita kwenye tundu la kitasa pamoja na mluzi wa kifua.

"Njoki. Niwekee easy. Leo tu."

Njoki huzima televisheni, huenda mlangoni, huinama karibu na tundu ili asipaze sauti.

"Utazoea, Baba Wendy," humwambia, kisha huzima taa na kwenda kulala.