Gobori la Marehemu Baba Yao

Yalomkuta Ghanim, mume wa shoga yangu Masouda, si ya kuchekea. Aligombana na nduguye Bakhit kwa gobori la marehemu baba yao. Lilikuwa bovu, Ghanim kalitengeneza mwenyewe, akakataa kulitoa. Bakhit akaondoka na hasira zake, akapotea bonde la Wadi Kabir siku mbili.

Magharibi ya siku ya pili Ghanim akenda huko na mkewe, akalipiga hewani, nduguye asikie arudi.

"Bakhit wee! Njoo, nnakupa!"

Kiza kikawafunika, Bakhit hajatokea.

"Chuma chako hicho ndo kilomfukuza!" Masouda akalia. "Piga tena!"

Ghanim akatia mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Haukufika chini. Ndani mle mtutuni kitu kikakwaruza, kisha mdeki ukasukumwa nje, taratibu, ukarudi kiganjani mwake, umerowa.