Sauti Kwenye Chumba cha Pamba

Kabula alipofika nyumbani kwao Kasoli, mama yake alimpokea begi, akamletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Kabula alipiga funda moja, akayatema chini.

"Mayu, haya maji mmeyatoa wapi? Yana chumvi."

Mama yake, Scola, akayaonja. "Ni ya kisimani, ya siku zote. Mbona mimi siisikii hiyo chumvi?"

Kabula hakubishana, lakini ile ladha aliijua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumia kwenye meli za wanamaji. Ilikuwa ladha ya bahari, na kutoka Kasoli hadi baharini ni zaidi ya siku nzima kwa basi.

Baba yake, Luhende, alikuwa sajini mstaafu wa jeshi. Kabula na mdogo wake Yakobo walikulia kwenye kota za kambi, leo mkoa huu, mwaka kesho mwingine, wakiamshwa na tarumbeta na kusimama kando ya vitanda vyao wakaguliwe kama askari. Yakobo alipokosea alisamehewa. Kabula alirudia. Kila likizo walipokuja Kasoli, baba yake alimpeleka kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, akamfundisha kuogelea tangu ana miaka sita, akimsukuma majini na kumwambia, "Tena!" Yakobo hakuruhusiwa hata kulowesha miguu. Alilia kwa wivu, na Kabula alijiona amependelewa.

"Wewe ndiye askari wangu," baba yake alikuwa akimwambia.

Alipochaguliwa kuingia wanamaji, baba yake alichinja dume la ng'ombe, kisha akajifungia chumbani akalia. Watu walisema ni furaha. Kabula pia alisema hivyo.

Huko baharini mambo yalimnyookea kupita kiasi. Dhoruba zilipiga meli za wenzao, yao ikapita. Siku aliyoteleza kutoka ngazini akaanguka majini, alihisi kitu kama kiganja kikimshika kiunoni na kumrudisha juu. Wenzake walimtania kwamba bahari imemposa. Alicheka nao. Lakini alikuwa na mchumba, Novatus, muuguzi pale Bariadi, na alitaka maisha ya nchi kavu. Akaomba kuhamishiwa kazi ya bohari, akakubaliwa. Hiyo ndiyo habari aliyokuja nayo.

Alimweleza baba yake wakati wa chakula cha mchana. Mzee aliacha kutafuna.

"Usiiache meli."

"Kwa nini, baba?"

"Usiiache tu. Hiyo ni amri."

"Nina miaka karibu thelathini, baba. Barua imeshatoka."

Mzee aliusogeza ugali pembeni, akanawa, akaenda kukaa nje mgongo ukiwa umeelekea nyumba.

Kesho yake, saa saba mchana, jua likiwa limesimama na hata kuku wamejificha chini ya ghala, Kabula alisikia buti zikitembea ukumbini. Moja, mbili. Moja, mbili. Zilikuwa buti zilizojaa maji, kila hatua ikitoa mlio wa majimaji. Alitoka mbio. Ukumbini hakukuwa na mtu, ila kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na nyayo za maji, kubwa, zimetoka mlango wa nje na kuishia mlangoni pa chumba chake.

Siku ya tatu ikaja harufu. Ilikuwa ya mwani uliooza na samaki wa kale, na ilimfuata Kabula peke yake, akihama kiti inahama naye. Mama yake alishika rozari, akasali mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya tano Yakobo alifungua chumba walimohifadhi pamba ya msimu mzima, iliyosubiri kupelekwa mnadani. Alipiga kelele. Pamba iliyokuwa kavu jana ilikuwa imelowa chapachapa, na katikati ya rundo kulikuwa na bonde lenye umbo la mtu mrefu aliyelala chali, na kando yake bonde la pili, dogo zaidi, likiwa kavu kabisa, kama nafasi aliyowekewa mtu ambaye bado hajaja kulala.

Yakobo alilamba kidole. "Dada," alisema kwa kunong'ona, "ni chumvi."

Na pale pale, wakiwa wamesimama wote wawili mlangoni, kutoka ndani ya ile pamba sauti ikaita namba ya jeshi ya Kabula, tarakimu moja baada ya nyingine, polepole, kama inavyoitwa kwenye gwaride, kisha ikalitaja jina lake, na sauti ile, ingawa ilikuwa ya mtu kijana na ilibubujika kama inayopita kwenye maji, ilikuwa sauti ya baba yao.

Yakobo alipanda pikipiki akaenda Bariadi. Alirudi na mwalimu Abdulrazak, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kufundisha sekondari, ambaye watu walimjua kwa kisomo chake cha kutoa mashetani. Yakobo alikuwa ameanza kwa mganga wa Kisukuma wa hapo jirani, mganga akamwambia wazi kwamba huyu ni jini wa baharini, si wa mizimu yao, amfuate mtu wa pwani.

Mwalimu Abdulrazak aliwakalisha wote ukumbini, mlango wa chumba cha pamba ukiwa wazi. Akachoma ubani, akasoma. Alisoma muda mrefu. Ukuta ulianza kutoka jasho. Kisha akanyamaza na kuuliza kwa adabu, "Wewe uliye humo, umekuja kuiba nini katika nyumba hii?"

"Sikuiba," kitu kikajibu kutoka kwenye pamba. "Nilipewa."

"Nani alikupa?"

Hakikujibu kwa sauti yake. Wakasikia upepo, na mawimbi, na boti ikipasuka mbao, na watu wakimwita Mungu kwa majina mengi. Kisha sauti moja ikabaki juu ya zote, sauti ya Luhende akiwa kijana, anakohoa maji: "Niokoe! Nina watoto wawili nyumbani!" Na ile nyingine ikauliza, taratibu, kama inayomuuliza mtu dukani: "Unanipa yupi?"

Wala Luhende hakukawia. Hilo ndilo Kabula alilolikumbuka maisha yake yote, kwamba hakukawia.

"Mchukue wa kike. Nitamlea mpaka akufae. Nitakuletea mwenyewe."

Scola alimgeukia mumewe. "Baba Kabula? Ile ajali ya boti baharini, mlipokuwa mkienda kisiwani, uliyopona peke yako?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Mzee," mwalimu Abdulrazak alisema kwa sauti ya chini, "alitolewa kwa kinywa chako, na kwa kinywa chako anarudishwa. Sema sasa hivi: mwanangu si wako, nilichokisema nimekifuta. Jini atakuja kwako, sikufichi. Lakini mtoto atakuwa huru."

Kabula alimsubiri. Alikuwa tayari kumsamehe, hata kabla hajasema. Aliwaza kwamba mtu anayezama husema lolote. Aseme tu sasa, akiwa kwenye nchi kavu, amekaa kwenye kiti chake.

"Ng'wanone," baba yake alianza, akimwita mwanangu kwa lugha yao. "Mimi sasa ni mzee. Wewe uliizoea bahari. Miaka yote hajakuumiza, sivyo? Rudi tu melini."

"Baba, ulinifundisha kuogelea kwa ajili yake?"

"Nilitaka usiteseke."

Kabula hakulia. Aliona lambo, na mkono wa baba yake mgongoni, ukisukuma. Akamgeukia mwalimu. "Hakuna njia nyingine?"

Abdulrazak alisita. "Ipo, lakini ni chungu. Alikutoa kwa haki ya ubaba. Ukimkana, hakuwa na cha kutoa. Ila ujue, ukishamkana, hutamwita tena baba, si kwa heri wala kwa shari, si hata siku ya kumzika. Siku utakayomwita, na huyu ataitika, na atakurudia wewe."

Ndani ya chumba pamba ilianza kufurukuta, na maji yakatambaa kuja ukumbini, ya baridi, yakizishika nyayo za Kabula, na ile harufu ikapanda mpaka mama yake akaziba pua kwa kanga. Kabula alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, vile alivyofundishwa kusimama kando ya kitanda tangu mdogo.

"Mzee Luhende si baba yangu," alisema. "Sina baba. Hakuna aliyenitoa."

Maji yalisimama. Kisha yakageuka. Yalipita kando ya miguu yake, yakapita kando ya Yakobo na mama yake, yakaenda kukusanyika chini ya kiti cha mzee, na hapo yakakauka.

Kabula aliondoka jioni ile ile. Miezi mitatu baadaye alikuwa ameolewa na Novatus, akiwa kazini bohari, mama yake akimpigia kila Jumapili. Hawakumzungumzia mzee. Kisha ikaja simu siku ya Jumatano, saa saba mchana.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Mama yake alinong'ona kama mtu aliyesimama karibu na mgonjwa. "Anataka kuongea na wewe. Nimemkatalia, amepiga magoti."

Ilisikika simu ikibadilisha mikono.

"Kabula. Hanipi nafasi. Hata nikiwa mezani amekaa nami." Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha. "Sikuombi unisamehe. Nakuomba kitu kidogo tu. Niite baba. Mara moja. Neno moja tu."

Kabula alikaa na simu sikioni. Usiku baada ya usiku alikuwa ameomba mzee ampigie, akijiambia kwamba siku akipiga, mzee atakiri kwamba amekosa.

"Ulimsikia mwalimu akieleza neno hilo litafanya nini," alisema.

"Neno moja tu," mzee alirudia.

"Unajua litafanya nini kwangu?"

"Najua," mzee akasema.

"Shikamoo, mzee Luhende," alisema Kabula, akakata simu.