Mlango wa Oveni ya Baba Judith

Usiniambie hukumwona. Ulipita pale karibu na foleni ya malori Tunduma, ukanunua skonzi za moto, na ndani ya lile jiko ukamsikia mtu akikohoa mpaka akainama. Ukachukua skonzi zako, ukageuza uso. Mimi sisahau. Nakumbuka hata yule mgeni wa mwaka juzi aliyekuja na kamera, akafuta machozi ya moshi, akaahidi bomba la kutolea moshi, akaondoka na mfuko wa skonzi. Bomba lenyewe hatujaliona mpaka leo. Basi kaa usikilize habari ya Edina, maana naye aligeuza uso.

Edina alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alivua viatu, akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kwenye jiko la akina mama sita waliooka mikate na skonzi. Mama yake, Paskalina, alikuwa mkandaji wa unga. Bibi Jenista, mzaliwa wa Ihanda aliyeanza kuoka kabla Paskalina hajaolewa, ndiye aliyewasha tanuri la kuni na kulisimamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uonje kama chumvi imekolea."

Skonzi ya kwanza ilikuwa ya Edina siku zote. Akiwa anatafuna, Bibi Jenista aligeukia ukutani na kukohoa kwenye kanga yake. Edina alijitwika beseni, akatoka kwenda kuwaita madereva wa Zambia kwa heshima ya kwao: "Skonzi, mukwai!"

Mwezi wa tano daktari alimwambia Bibi Jenista achague, moshi au mapafu yake. Akina mama wakakubaliana kubadilisha tanuri. Oveni ya umeme waliikataa mapema. "Umeme ukikatika unga umeshaumuka, tutabaki tunautazama unachacha," alisema Paskalina.

Zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya matofali na kuni, yenye bomba la moshi, ambayo fundi Sadoki, baba yake Edina, alikuwa ameijenga nyuma ya nyumba yake ili watu waione. Ya pili ilikuwa ya chuma, inatumia gesi, imeundwa na fundi Rabson, baba yake Judith.

Judith huyo! Walisoma darasa moja. Mtihani ukitoka, Judith wa kwanza. Daftari likitakiwa la mfano, la Judith. "Mwangalieni Judith," mwalimu alisema, na Edina alimwangalia, akalifunika daftari lake kwa kiwiko. Sweta jipya ni lake, na sasa hata oveni ya baba yake ilikuwa inang'aa kama kioo.

"Hilo sanduku lenu la bati," Edina alimwambia bombani, wakichota maji, "litachemsha maharage, mikate haliwezi."

"Na lenu kichuguu," Judith alijibu. "Ukikaa karibu nalo unatoka umekauka kama samaki."

Wasichana wote wakacheka. Edina hakucheka.

Jumamosi oveni ya gesi ililetwa nyumbani kwa Sadoki ili zote mbili zijaribiwe. Unga ulikuwa mmoja na trei zilikuwa sawa. Paskalina alisema hatapiga kura, kwa kuwa fundi mmoja ni mumewe. Bibi Jenista akaongeza lake: "Watoto nao wabadilishane, mtu asipendelee kwao. Judith alinde mlango wa Sadoki, Edina alinde wa Rabson. Haufunguliwi mpaka dakika ishirini zitimie. Ukifungua mapema baridi inaingia, mkate unaanguka. Mmesikia?"

"Tumesikia, bibi."

Edina akakaa kwenye kigoda. Mlangoni kulikuwa na kioo kidogo. Aliziona skonzi zikivimba, duara safi, zote kimo kimoja. Hata hili, akawaza. Hata hili nalo liwe la Judith! Watu wazima walikuwa upande wa pili wakibishana kuhusu kuni. Akafungua mlango. Joto likampiga usoni. Akahesabu mpaka kumi, akafunga. Akafungua tena. Na tena.

Trei zilipotoka, skonzi za Sadoki zilikuwa za rangi ya kahawia, zimejaa. Za Rabson nyingi zilikuwa zimelala kama chapati. Rabson aligeuza moja, akaitazama chini, akachuchumaa kukagua bomba la gesi.

"Sielewi," alisema taratibu. "Nyumbani zilitoka nzuri."

Judith alitazama chini. Edina alisikia utamu kifuani, kama asali ya kuiba. Akina mama wengine wakasema kwa sauti moja: ya matofali.

Bibi Jenista aliishika ile trei ya gesi muda mrefu. Akamtazama Edina. Kisha akaiweka chini, akafungua kamba za aproni yake na kuikunja mara nne.

"Chukueni hiyo ya kuni, wanangu. Mikate ya Sadoki mizuri, sina ugomvi nayo. Ila mimi nawaaga leo. Bomba litatoa moshi, ndiyo, lakini si wote. Wakati wa kuwasha na kuchochea, mdomo wa tanuri utanipumulia usoni vilevile." Akampa Paskalina aproni, akainama kukohoa. Safari hii hakukuwa na ukuta wa kugeukia.

"Nilifungua," Edina alisema.

"Umefungua nini?" baba yake akauliza.

"Mlango. Mara tatu. Nilitaka ya kina Judith ishindwe."

"Mimi lenu sikuligusa!" Judith akafoka, machozi yakimlenga. "Nilitamani, lakini sikuligusa!"

Sadoki alikuwa ameshika skonzi yake mwenyewe. Akairudisha kwenye trei bila kuimega. "Kwa hiyo nimeshinda kwa wizi, ndani ya nyumba yangu. Tunaoka upya. Na Edina akae palepale."

Akakaa palepale, mikono katikati ya magoti, dakika ishirini nzima, huku Judith akimtazama kutoka ng'ambo. Trei ya pili ya gesi ikatoka imejaa yote. Mama mmoja akasema za Sadoki bado ni tamu zaidi.

"Ni tamu," Sadoki alikubali. "Lakini mimi sitasimama mbele ya moto kila asubuhi. Atasimama Bibi Jenista. Chukueni ya Rabson. Nitatoboa ukuta wa jiko lenu, mtungi wa gesi ukae nje, na dirisha nitalipanua."

"Nitakuja na nyundo yangu," alisema Rabson.

Bibi Jenista akaichukua aproni kwa Paskalina, akajifunga, akamvuta Edina pembeni. "Nilijua. Safu ya mbele ilikuwa imeanguka, ya nyuma imesimama. Hiyo ni kazi ya mlango. Nilisubiri useme mwenyewe."

"Nisamehe, bibi."

"Wivu utakuja tena, hata mimi mzee unanijia. Ukija, acha mikono magotini kama ulivyofanya sasa hivi. Ulidhani unamkomoa Judith, kumbe ulikuwa unanirudisha mimi kwenye moshi. Na ukikosea, sema upesi, kabla mwingine hajaumia kwa kosa lako. Haya, beba trei."

Judith akashika upande wa pili, wakaibeba wawili. "Kichuguu," Judith alinong'ona. "Sanduku la bati," Edina akajibu, na safari hii walicheka wote.

Sasa wewe. Shuleni kwako kuna jiko, na kuna mtu ndani yake anayekupikia uji. Funga kitabu hiki. Nenda ukatazame moshi unatokea wapi, umwamkie mpishi, umuulize kama anakohoa, na tangu lini. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu, na wenzako wawili wakiwa mashahidi, umwambie ulichokiona. Usingoje mgeni mwenye kamera. Simama uende sasa.