Vibahasha vya Chungwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama yake hajaanza kukanyaga cherehani, Sisimizi alikuwa ameshafagia nyumba, ameosha vyombo na kuanika nguo. Jina hilo alipewa na babu yake. Tangu akiwa mdogo, hata sukari ifichwe wapi, yeye aliifikia.

Jumamosi hii alikuwa na kazi nyingine. Mwalimu wa upishi alikuwa amewaagiza wanafunzi waoke kitu nyumbani, kila mtu kwa mikono yake, wakilete Jumatatu na kueleza walivyokitengeneza.

"Mama, tunakanda unga saa ngapi?"

"Mwanangu, magauni ya wateja yamenifika shingoni," mama alijibu, pini zikiwa mdomoni. "Fungua friza. Kuna unga uliokandwa tayari, nimeununua dukani jana. Uache ulainike kidogo, kisha uukate. Utamu wa ndani utautengeneza wewe."

Unga ule ulikuwa umekunjwa ndani ya paketi kama shuka iliyopigwa pasi. Wakati ukilainika, Sisimizi aliparuza maganda ya machungwa na limau, akayachanganya na sukari na siagi. Akakata unga vipande vya mraba, akaweka kijiko cha mchanganyiko katikati ya kila kimoja, akakunja pembe mpaka vikawa kama bahasha ndogo. Akavipaka yai na kuvitia ndani ya oveni.

Vilipotoka, mama alionja kimoja, akakunja uso. "Hiki ni chungwa au ni dawa ya malaria?"

Sisimizi naye akaonja. Kichungu!

"Umeparuza mpaka kwenye nyeupe," mama akamwambia. "Harufu iko kwenye ngozi ya juu tu. Ile nyeupe ndiyo chungu. Taratibu, mama, chungwa halikimbii."

Akarudia. Safari hii aliligeuza chungwa polepole, akiparuza juujuu tu. Vibahasha vya pili vilipoiva, nyumba nzima ilinukia, hata mteja aliyekuja kupimwa gauni akauliza kama kuna sherehe.

Jumatatu, meza za darasa la upishi zilijaa sahani. Karibu na Sisimizi aliketi rafiki yake, msichana ambaye wote walimwita Kimya kwa kuwa alizungumza kwa nadra. Naye alikuwa ameoka vibahasha, lakini vyake vilikuwa vigumu, chini vimeungua.

"Hivi tunakula au tunajengea ukuta?" mvulana mmoja akauliza. Darasa likacheka. Kimya akavuta sahani yake karibu na kifua.

Mwalimu alipouma kibahasha cha Sisimizi, matabaka membamba yalipukutika kama majani makavu. Akafumba macho. "Unga huu umeukanda mwenyewe?"

Ulimi ukatangulia kabla ya akili. "Ndiyo, mwalimu."

"Matabaka yote haya?"

"Nilikanda mpaka mikono ikauma."

"Hongera! Kimya, mtazame mwenzako, ujifunze kwake. Sisimizi, kesho utatuonyesha unavyokanda."

Makofi yakapigwa. Sisimizi alitabasamu, lakini tumboni alihisi kama amemeza jiwe.

Walipokuwa wakitoka shuleni, Kimya akavunja ukimya. "Mimi upishi naacha. Nilikanda siku nzima, mpaka mdogo wangu akanionea huruma. Wewe umekanda mara moja tu ukapata vile. Nadhani mikono yangu haifai."

Sisimizi akaharakisha hatua kuelekea nyumbani. Kesho ya kuaibika mbele ya darasa ilimtisha, lakini maneno ya Kimya yalimuuma zaidi.

Alipofika nyumbani, alimwaga unga mezani, akatia maji na siagi, akaanza kukanda. Unga ukamng'ang'ania vidoleni, ukapanda mpaka kwenye viwiko. Alivyozidi kukanda ndivyo ulivyozidi kuwa uji.

"Makubwa!" mama alisema mlangoni. "Unakanda au unakandwa?"

Sisimizi akaangua kilio, akamweleza yote. Mama alimwosha mikono polepole, hakupandisha sauti.

"Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana huteleza. Sasa hilo jiwe ulilonalo tumboni nani atakutolea?"

"Mimi mwenyewe," Sisimizi akanong'ona.

Siku iliyofuata mwalimu alimwita mbele. Bakuli, unga na siagi vilikuwa tayari. Sisimizi hakuvigusa.

"Mwalimu, nilidanganya. Unga ule sikuukanda mimi, ulinunuliwa dukani. Mimi nilitengeneza utamu wa ndani tu." Akamgeukia rafiki yake. "Kimya, nisamehe. Wewe ulikanda kwa mikono yako. Mimi sijui hata kukanda, nilijaribu nikapata uji."

Wachache walicheka, kisha wakanyamaza walipoona mwalimu hacheki.

"Nami nina langu," mwalimu alisema. "Nilimlinganisha Kimya na mwenzake bila kuuliza vizuri. Nisamehe, binti yangu. Hebu niambie, siagi yako ilikuwaje?"

"Niliiyeyusha jikoni," Kimya akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi mikono yako haina kosa lolote! Siagi ikiyeyuka, matabaka yanashikana. Iwe baridi. Njoo."

Kimya akakanda, mwalimu akimwelekeza: kunja, sukuma, pumzisha, kunja tena. Sisimizi akaparuza machungwa na kuwaonyesha wenzake mahali pa kuishia kabla ya nyeupe. Vibahasha vilipotoka kwenye oveni, havikupanda sana kama vile vya dukani, na kimoja kilikuwa kimefunguka pembeni. Lakini vilipoumwa, vilipukutika. Yule mvulana wa ukuta alikula, akaomba cha pili.

"Kwanza mwombe mpishi radhi," Sisimizi akamwambia.

Akaomba. Kimya akampa, tena akampa kile kikubwa.

Mwalimu akasubiri watulie. "Watoto wangu, kununua unga uliokandwa si aibu. Hata mimi wageni wakinijia ghafla hukimbilia dukani. Jana Sisimizi alikuwa na sifa yake halali, ile harufu ya chungwa, akaiacha akachukua isiyo yake. Sifa ya uongo haimfai anayeichukua, na huwavunja moyo waliojitahidi kweli. Sema ulichofanya, hata kama ni kidogo. Usichokijua, uliza ufundishwe."

"Basi mimi naanza kuuliza," Sisimizi alisema, akikunja mikono ya sare yake. "Kimya, utanifundisha kukanda?"

Kimya akacheka, akamsogezea bakuli. "Nawa mikono kwanza."