Maua Sita ya Fundi wa Taa

"Nani amekufa?"

Shangazi Aurica, bawabu wetu, aliniuliza hivyo hata kabla ya salamu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, ule tunaoingilia wasanii, mkono mmoja funguo zake, mkono wa pili shada la tulipu nyekundu. Ana miaka ishirini na sita analinda mlango ule, na hakuna ua lililowahi kumpita bila kuhesabiwa.

"Sijasikia msiba wowote, Shangazi. Kwani vipi?"

"Basi haya ni yako. Hebu hesabu mwenyewe, nisije nikaambiwa macho yangu yamezeeka."

Nikahesabu. Nikarudia. Yalikuwa sita.

Hapa Timișoara hata mtoto wa chekechea analijua hili. Mtu aliye hai anapewa maua matatu, matano au saba, yaani idadi ya witiri. Mawili, manne, sita, ni ya kupeleka makaburini. Ukimpa mwanamke maua ya shufwa umemtukana, na kama alikuwa mpenzi wako, ndiyo umeshamwacha. Kulikuwa na kadi ndani yake, mwandiko wa Codrin, herufi zimelala upande kama kawaida yake: "Ulitaka jibu. Hili hapa. Hesabu vizuri."

Moyo ulinipasuka paa.

Niseme swali lenyewe lilikuwa lipi. Mwenye nyumba wangu alikuwa anauza nyumba, na mimi nilitakiwa kuhama kabla ya mwisho wa Aprili. Wiki mbili nyuma, mimi na Codrin tulikaa ukingoni mwa mto Bega tukila mikate ya pete yenye ufuta, nikaona leo ni leo, nikamuuliza: "Nitafute nyumba ya mtu mmoja au ya watu wawili?" Tulikuwa pamoja miaka miwili. Alitafuna mkate wake mpaka ukaisha, akakung'uta ufuta kwenye suruali, akasema nimpe mpaka msimu uanze. Ndivyo alivyo. Ni fundi wa taa, anashinda kwenye kibanda chake cha taa, juu kabisa mwisho wa ukumbi, kama njiwa, na ukimuuliza habari ya afya yake anakujibu "ipo". Nilimpenda hivyo hivyo. Nilidhani ukimya wake ni wa mtu anayetafakari mambo mazuri.

Sasa msimu wa dansi ulikuwa unaanza kesho yake, na jibu likawa limekuja na makaburi yake.

Rafiki yangu Sabina, tunayecheza naye, aliyahesabu yale maua mara tatu kule chumba cha kuvalia. Kisha akakaa chini.

"Huyu kashindwa kusema kwa mdomo," alisema, "ndiyo kakuzika kwa maua."

"Labda muuza maua alikosea."

"Ilinca, mpenzi, muuza maua gani wa mji huu anakosea hesabu hiyo? Wenyewe ukiomba sita wanakupa pole kwanza."

Nilimrudishia Shangazi Aurica shada zima, naye hakukataa. Alisema Jumamosi ana safari ya kwenda kwa marehemu mume wake, na marehemu tangu azaliwe hajawahi kuletewa tulipu, atashangaa kaburini. Mimi nikaingia bafuni, nikafungua maji yatiririke, nikalia mpaka pua ikaziba.

Halafu hasira ikanipanda. Nikamwandikia: "Jibu limefika. Nimeelewa."

Akajibu haraka, jambo ambalo si kawaida yake: "Kweli umeelewa?"

"Vizuri sana."

"Basi nakusubiri huku juu."

Nikaisoma ile mara mbili. Yaani mtu amenizika asubuhi, na mchana anataka nipande ngazi kwenda kumsikiliza akinipangia mambo ya taa. Nikazima simu.

Ijumaa tukafungua msimu. Kazi yetu ilitungwa na Bi Zenovia, mwanamke wa miaka sitini mwenye sauti ya kupasua mbao, na dakika saba za mwisho hazina muziki hata kidogo. Mimi nasimama juu ya ukuta wa fito za mbao wa mita tatu, unaoonyesha hadi nyuma yake, nimewatazama watazamaji. Nyuma yangu, chini, wenzangu sita wananisubiri wanidake kwa mikono. Hakuna ngoma, hakuna filimbi, hakuna wa kuniambia "sasa". Mimi navuta pumzi, naitoa, na Codrin akiyaona mabega yangu yameshuka, anazima taa zote. Naanguka kinyumenyume gizani. Taa zikiwaka tena niko mikononi mwa wenzangu. Anguko hilo tulilifanyia mazoezi miezi mitatu. Bi Zenovia alijaribu mafundi wengine wawili, mmoja akazima mapema, mwingine akachelewa, mwishowe akasema ni Codrin au basi, kwa sababu ni yeye tu anayejua nikishusha mabega yangu nimemaanisha.

Ijumaa ile nilivuta pumzi, nikaitoa. Giza likaja, papo hapo, kama kawaida.

Sikuanguka. Miguu ilikataa. Nilisimama kwenye giza lile nikijiambia kwamba aliyelizima ni mtu ambaye hanitaki, na mwili ukagoma kumwamini. Taa zilipowaka nilikuwa bado juu ya ukuta, nimekodoa macho, na wenzangu sita chini wameinua mikono mitupu. Watazamaji wakafikiri ndiyo sanaa yenyewe. Wakapiga makofi mpaka nikaona aibu.

Bi Zenovia hakuona sanaa yoyote. Alinivuta pembeni akaniambia Jumapili nikikwama tena, sehemu yangu ataichukua Sabina kwa msimu wote. Sabina akasema yeye hataki. Bi Zenovia akamwambia hakuulizwa.

Jumamosi jukwaa lilikuwa la kundi la kutoka Craiova, kwa hiyo nilienda mtaa wa Iosefin kuangalia chumba kwa bibi mmoja mwenye paka wanne. Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha la kuangalia reli ya tramu, na kitanda ambacho ukigeuka unaanguka. Nilikuwa nimesimama katikati yake simu ilipolia.

"Ilinca." Sauti ya Codrin ilikuwa chini. "Jana ilikuwaje?"

"Nilichoka."

"Nimekusubiri tangu juzi. Hukupanda."

"Sikuwa na cha kufuata huko."

Nilisikia anavyohema.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Iosefin. Naangalia chumba."

"Cha watu wangapi?"

"Cha mtu mmoja, Codrin. Si ndilo jibu lenyewe?"

Tramu ikapita chini ya dirisha, paka mmoja akakimbia. Kisha akasema, taratibu, "Kama ndivyo ulivyoamua, sawa."

"Niliyeamua ni mimi?"

Akawa ameshakata. Yaani aniache yeye, halafu uamuzi awe amenibandika mimi. Nikamwambia yule bibi chumba nakitaka, Jumatatu nitamletea pesa za kukishikilia.

Jumapili onyesho lilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na robo nilikuwa nimeshavaa, nimekaa mbele ya kioo, na nikajua wazi kwamba nikipanda ukuta ule vile nilivyo, sitaanguka. Mapenzi yameisha, sawa, lakini ile dansi ilikuwa yangu. Nikaamua nimwendee uso kwa uso, tuongee kama watu wa kazi. Atazame mabega yangu, azime, asinihurumie, basi. Ngazi za chuma za kwenda juu ni arobaini na moja. Nilizipanda peku, nikizikariri sentensi zangu.

Sikuzisema hata moja.

Juu ya meza yake, kati ya mitambo na kikombe cha kahawa, kulikuwa na chupa ya matango ya siki iliyosafishwa, na ndani yake ua moja. Tulipu nyekundu. Lilikuwa limeanza kulegea shingo, naye alikuwa amelifunga kijiti cha kuliegemeza kwa ule utepe mweusi wanaofungia nyaya. Maji yalikuwa masafi. Alikuwa anayabadilisha.

"Hilo umelitoa wapi?"

Codrin aligeuka, akashtuka kuniona. Hakuwa amenyoa tangu Alhamisi.

"Kwenye shada lako."

"Shada langu lilikuwa na sita."

"Lilikuwa na saba. Moja nilibaki nalo."

"Ulibaki nalo kwa nini?"

Alijikuna shingo. Nilimwona anavyoyatafuta maneno, moja moja, kama mtu anayeokota sindano.

"Nilijua utahesabu. Nikaona ukihesabu utajua limepungua moja, utapanda kulitafuta. Ukija huku, yanatimia saba. Yaani tukiwa mbalimbali, ni makaburi. Tukiwa pamoja, ni uhai." Akanitazama. "Nilikaa siku tatu nikilifikiria hilo. Mwenyewe niliona zuri."

Nilisimama pale mlangoni nikitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Siku nne nimelia. Nimegoma kuanguka mbele ya watu mia tatu. Nimekubali kuishi na paka wanne.

"Codrin."

"Naam."

"Sita ni ya nani?"

"Ya maiti."

"Na moja?"

Akalitazama lile ua kwenye chupa ya matango.

"Moja ni witiri," nilimwambia. "Moja ni la mtu mzima wa afya. Kwa hiyo kwenye hesabu yako, tukiachana wewe uko hai unakunywa kahawa yako, mimi ndiye marehemu."

"Upande huo," alisema polepole, "sikuupigia hesabu."

Kicheko kikanitoka. Nilijaribu kukizuia, ndiyo kwanza kikazidi, na yeye alivyokuwa ananitazama kwa woga, hajui kama nacheka au nalia, nikacheka mpaka nikashika meza. Naye akaanza kutabasamu, kidogo kidogo, upande mmoja wa mdomo. Aliniambia kwamba jana niliposema chumba cha mtu mmoja, alielewa nimehesabu, nimeelewa, na nimemkataa. Alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kuomba kazi ukumbi mwingine. Nikamwambia barua hiyo aichane mbele yangu. Akaichana.

Kengele ya dakika kumi ikalia kule chini.

"Sasa sema kwa mdomo," nilimwambia. "Bila maua, bila hesabu. Kama watu wengine wanavyosema."

"Ilinca, maneno yananikwama."

"Yakwame, nasubiri. Onyesho haliwezi kuanza bila mimi, na bila wewe ni giza."

Alishusha pumzi. Akaificha mikono yake chini ya kwapa.

"Nataka nyumba ya watu wawili. Nilijua tangu siku ile pale mtoni, mkate haujaisha. Nakupenda, na naogopa kwamba ukiniona kila asubuhi utanichoka, kwa sababu sina maneno. Hayo ndiyo yote. Sina mengine."

"Yanatosha," nilisema. "Yanatosha mwaka mzima."

Nikambusu, ndevu zake zikanichoma, nikashuka ngazi arobaini na moja mbio. Sabina aliponiona usoni hakuuliza kitu. Alinifuta rangi iliyochafuka mdomoni, akanisukuma jukwaani.

Dakika zile saba za mwisho zilipofika nikapanda ukuta. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba ungemsikia mtu anayefungua mkoba. Miguu yangu ilitulia. Nikavuta pumzi, nikaitoa, mabega yakashuka.

Giza halikuja.

Katika mazoezi yote tulikubaliana: taa isipozimika, nisianguke. Niliingoja taa kwa sekunde moja, nikijua maana yake ni kwamba kuna hitilafu na natakiwa kubaki nilipo. Lakini nilikuwa nimeshatoa pumzi, na sikuwa na hofu hata chembe. Nikajiachia kinyumenyume kwenye mwanga mweupe, mbele ya macho ya kila mtu.

Nikiwa hewani nilikiona kibanda cha taa kule mwisho wa ukumbi. Codrin alikuwa amesimama. Ameiachia mitambo yote, mikono yake miwili ameinyoosha mbele, kama mtu anayetaka kunidaka yeye, na kati yetu kulikuwa na viti mia tatu. Kisha mikono ya wenzangu ikanipokea, na watu wakainuka wote kwa mara moja.

Nyuma ya jukwaa Bi Zenovia alikuwa anatusubiri na daftari lake. Alimwita Codrin ashuke. Tulikuwa bado tunatoka jasho, tukajipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Codrin akaja, uso mwekundu, akasimama karibu nami mpaka mabega yetu yakagusana.

"Taa ilikuwa na nini?" Bi Zenovia aliuliza.

"Haikuwa na kitu."

"Basi kwa nini hukuizima?"

Nilijua atajibu "basi tu", kama anavyojibu siku zote. Nikafungua mdomo nimsaidie. Akanishika mkono ninyamaze, na mbele ya wachezaji wote, mafundi wa jukwaa, na Shangazi Aurica aliyekuwa ameacha mlango wake wazi, akasema:

"Miezi mitatu namzimia taa, halafu nakaa gizani nikisikiliza kama amefika salama. Leo nilitaka kumwona."

Bi Zenovia alimtazama, akanitazama mimi, akatazama mikono yetu. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho wa dansi yetu, akafuta mstari mmoja na kuandika mwingine juu yake.

"Basi taa ibaki," alisema. "Msimu wote."